Mtaalamu Aliyetupima Sote

Kama kuna mtu aliyenichosha maishani mwangu kuliko waume wawili na wanafunzi wa kidato cha pili, ni yule bwana wa chini tuliyemwita Mtaalamu. Sitasema kazaliwa wapi wala ni mtoto wa nani. Yeye mwenyewe angeyaita hayo taarifa zisizohitajika, na kwa mara moja katika uhai wangu nakubaliana naye. Sisi wa nyumba ile tulimwita Mtaalamu kwanza kwa heshima, baadaye kwa kumtania, na mwisho kwa sababu hatukuwa na jina jingine lililomtosha.

Alikaa ghorofa ya chini ya nyumba kubwa ya zamani katika kichochoro cha Mji Mkongwe, nyumba yenye ngazi za mbao na ukuta wa nyuma uliokuwa ukiachia kidogo kidogo kila masika. Juu alikaa shangazi yangu, aliyenilea. Mlango wa pili yake, kwenye ngazi ile ile, ukuta mmoja tu kati yao, alikaa Bi Mwanaidi, shoga yake tangu wakiwa wasichana. Namwandika Mtaalamu kwa sababu ya hawa wawili. Uzeeni walitenganishwa kwa alama moja iliyotiwa na kalamu ya bwana huyu, na mimi nilimaliza mwaka mzima nikimwomba aitengue.

Alinisomesha hesabu sekondari, na alinisomesha vizuri, hilo lazima niliseme kabla hasira hazijapanda. Halafu akaenda kusoma nje, akarudi na shahada ya elimu ya jamii pamoja na imani mpya. Imani yenyewe aliiita sayansi chanya. Kwa ufupi ni hivi: binadamu ni kitu kama vitu vingine. Mvua inapimwa, joto linapimwa, kina cha bahari kinapimwa, kwa hiyo na jamii ipimwe, na anayeipima asimame nje yake. Mtu anayaona vipi maisha yake, anakusudia nini anapofanya jambo, hayo yote kwake yalikuwa moshi tu. Kinachoonekana na kuhesabika ndicho kilichopo. Kisichohesabika, alikuwa akisema huku akipandisha miwani, ama hakipo au kipo lakini hakituhusu.

Neno lake lilikuwa moja: "Umepima?" Ukimwambia samaki huyu kaharibika, atakuuliza, "Umepima au umenusa?" Ukimwambia fulani kamdhulumu mkewe, atataka kujua dhuluma kiasi gani. Siku nilipoachwa na mume wangu wa kwanza nilipita mlangoni kwake na macho mekundu. Akasema pole sana mwanangu, na alisema kwa moyo, halafu akaniuliza kama ningeweza kuiweka huzuni ile katika kipimo cha moja hadi tano. Nilimjibu jibu ambalo siwezi kuliandika hapa. Yeye aliliandika.

Nilifanya naye kazi miaka kadhaa kama msaidizi wa utafiti, kabla sijaona heri ualimu. Kazi yangu ilikuwa kubeba madodoso, kumwamkia kila mtu kwa niaba yake, na kunyamaza. Hilo la tatu sikuliweza.

Siku moja tulikwenda soko la Mwanakwerekwe kuchunguza jinsi bei zinavyopatikana. Mtaalamu alikaa juu ya stuli katikati ya safu ya nyanya na vitunguu, shati jeupe, viatu vinang'aa, kalamu mbili mfukoni. Hakusema na mtu, maana kwa kanuni zake mtafiti akisema na mtu anaiharibu hali halisi. Wafanyabiashara wakatazamana. Mtu mzima mwenye shati jeupe, hasemi, anaandika tu: kwa akili ya kawaida huyo katumwa na watu wa kodi. Basi safu nzima ikapata adabu ya ghafla. Bei zikatajwa kwa sauti ya chini, wanunuzi wakalipa na kuondoka. Hakuna aliyeapa, hakuna aliyeitwa mama mkwe, hakuna aliyeondoka akaitwa tena, "njoo basi, chukua." Mtaalamu akaandika kwamba katika soko lile bei hazijadiliwi.

"Mtaalamu," nikamwambia, "wale walikuwa wanakuogopa wewe."

"Woga ni dhana yako, Rukia. Mimi nimeona bei."

"Kwani ungewauliza ungepungukiwa na nini?"

"Nkiwauliza watanambia wanavyofikiri. Mie sitaki wanavyofikiri, nnataka wanavyofanya."

Kilichonitia kichaa ni kwamba wakati wa kutoka alisimama safu ya mwisho, ambako habari zake zilikuwa hazijafika, akaishika chana moja ya ndizi mpaka miguu ikaniuma. Alimwapia muuzaji, akaondoka, akaitwa, akarudi, akasimuliwa habari za watoto na karo, akacheka, akapunguziwa. Nikamuuliza mbona hili haliandiki. Akasema saa za kazi zimekwisha.

Kule Paje, ambako sasa ndiko ninakosomesha, alitaka kujua wanawake wa mwani wanafanya kazi saa ngapi kwa siku. Ni swali jepesi kwa mtu wa mjini. Mwani unafuata maji. Wakati wa bamvua, maji yanapotoka mbali, kina mama wako huko nje wameinama muda wote mpaka yarudi. Maji mafu yakiingia hawaendi, wanabaki nyumbani wakifunga kamba na kuuguza migongo. Waliyasema hayo yote, kwa kirefu, na Mtaalamu akayapita yote kutafuta saa. Akazijumlisha, akazigawa, akapata wastani. Tuliporudi kuwasomea matokeo, mama mmoja wa makamo aliinua mkono.

"Huyo mwanamke wa wastani," akauliza, "anayekwenda pwani kila siku kwa saa zile zile, anakaa nyumba gani? Maana hapa kwetu hatumjui."

Watu walicheka, na mimi nilicheka zaidi ya wote. Mtaalamu hakucheka. Alimweleza mama yule, kwa upole kabisa, kwamba mwanamke huyo hayupo, ila kwa sayansi ndiye wa kweli kuliko kila mmoja wao aliyekaa pale. Nguo za kina mama wale zilikuwa bado hazijakauka chumvi. Sijui tulitokaje salama.

Mtu asidhani alikuwa mkavu. Angekuwa mkavu ningemwacha zamani na nisingekuwa na la kuandika. Ikipigwa taarabu ya zamani redioni alilia waziwazi, miwani mkononi, mlango wazi, hajali nani anapita. Jioni alicheza dhumna barazani, na aliiba. Yeye, mtumishi wa ukweli unaoonekana, alificha kete chini ya paja, na ukimshika anakwambia uthibitishe. Hakuwahi kuniacha nilipe kahawa. Alipougua jirani alipeleka supu, na ukimuuliza kwa nini kapeleka, alisema hajui, hajafanya uchunguzi.

Kisa kilichonimaliza ni cha karani wa sensa. Kijana wa watu alifika mlangoni asubuhi, akaamkia vizuri, akapewa kiti. Maswali yakaenda mpaka yakafika kwa wajukuu waliokuwa wamekuja kulala kwake usiku ule wa kuhesabiwa.

"Wajukuu wangapi, Mzee?"

Mtaalamu akatazama viatu vyake. "Wapo, alhamdulillah."

"Naam, Mzee. Wangapi?"

"Wapo wa kutosha, mashaallah."

Karani akamwomba, akamweleza umuhimu wa zoezi lenyewe, akamkumbusha kwamba yeye ndiye mtaalamu wa mambo haya. Mtaalamu alinyanyuka akarudisha nusu ya mlango. Mimi nilikuwa ngazini, na sikuweza kujizuia. "Mtaalamu!" nikapiga kelele. "Umepima?"

"Hayo mambo mengine hayo, Rukia!" akanijibu kutoka ndani. "Watoto hawahesabiwi. Husda haina mchezo!"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kesho yake, wallahi, kesho yake tu, alitusomea barazani somo refu kuhusu watu wanaoficha taarifa na jinsi wanavyoirudisha nchi nyuma. Hakuona haya hata kidogo.

Nimebishana naye mara zisizo idadi, na sehemu kubwa ya mabishano yetu ilikuwa ile ile kwa maneno tofauti. Nilimwambia mtu si jiwe. Jiwe halijui kama linapimwa, mtu anajua, na akishajua anabadilika. Anakuficha, anakustahi, anakupa jibu analodhani litakufurahisha. Tena mtu ana maana yake katika kila anachofanya, na usipoijua maana hiyo hujakiona kitu chenyewe, hata ukikitazama kutwa. Mtu anayepunga mkono kukuaga na anayepunga mkono kufukuza nzi, kwa jicho lako, Mtaalamu, ni mkono mmoja. Alinisikiliza siku hiyo, kikombe cha kahawa vidoleni, mpaka nikamaliza.

"Umesema vizuri," akaniambia. "Sasa nsikilize na mimi. Nimekaa maofisini wakati mambo yanaamuliwa kwa maana na hisia. Unajua maana ya nani? Ya mwenye jamaa ofisini. Huyu twamjua, mtu wetu, anastahiki, apewe. Asiye wa kumjua alibaki nje na watoto wake. Nambari haina mjomba, Rukia. Nambari haijui huyu Mwarabu, huyu wa bara, huyu wa shamba. Utakapompata kiumbe mwengine asiye na mjomba, nletee."

Hata leo naona nusu ya maneno yale ni kweli tupu. Tabu ni kwamba akishaishika nusu hiyo, nusu ya pili unaweza kumpigia debe sikioni asiisikie.

Kisha ukuta wa nyuma ukaanza kuachia kweli kweli, ufa ukawa unapitisha mkono, na wakazi wote wakaambiwa watahamishwa. Ofisi iliyohusika ilitaka utafiti kwanza: je, wakazi hawa wana mafungamano yanayolazimu wapewe makazi ya pamoja, au wapelekwe popote penye nafasi? Akapewa kazi nani kama si Mtaalamu. Nilimwambia asiichukue, anaishi mle ndani. Akasema ndiyo maana katengeneza dodoso, ili yeye asiwemo. Kwa ajili ya shangazi nilikubali kuwa msaidizi wake tena, nikidhani nitaweza kumzuia.

Tulipanda kwa shangazi asubuhi. Macho yake wakati ule yalikuwa yamebakiwa na mwanga na vivuli tu, na ili hata hayo yasipotee alitakiwa kutiwa dawa kila siku kwa nyakati zake. Mtaalamu alikaa mbele yake kama kwamba hajapata kumwona, akasoma swali kwenye karatasi.

"Katika maisha ya kila siku, unamtegemea nani? Mume, mtoto, ndugu, jirani, serikali, au hakuna?"

Shangazi akavuta mtandio, akakaa sawa. "Mwenyezi Mungu peke yake."

"Naam. Na zaidi ya Mwenyezi Mungu?"

"Zaidi ya Mwenyezi Mungu? Astaghfirullah! Mtaalamu, watu wazima sisi, wataka nkufuru mbele ya mtoto?" Mtoto ni mimi, mwenye mvi.

"Si hivyo, Bi Zuhura. Nnauliza miongoni mwa viumbe."

"Kiumbe hategemewi. Kiumbe ana nini cha kumpa mwenzake?"

Yeyote aliyelelewa kwetu anajua kwamba jibu lile halihusu majirani hata chembe. Ni adabu. Kusema mbele ya karatasi kwamba namtegemea fulani ni kumsahau Mungu, na tena ni kumwaibisha fulani, kama kwamba unatangaza aliyokutendea kwa siri. Kila mtu katika nyumba ile alijibu vile vile, na angejibu vingine angeonekana hana malezi. Mtaalamu naye analijua hilo. Ungemuuliza yeye, kabla hajavaa miwani ya kazi, angesema Mwenyezi Mungu.

Basi tukiwa hapo hapo, Bi Mwanaidi akaingia bila hodi, chupa ya dawa mkononi. Akamwinua shangazi kidevu, akasema, "Shoga, fumbua," akamtia dawa jicho hili na hili, akamfuta shavu kwa upindo wa kanga. Akamuuliza kama keshameza vidonge vya sukari, akaambiwa bado, akamletea maji na vidonge, akasimama mpaka vikamezwa. Akatusalimia, akatoka. Mtaalamu alisubiri kalamu ikiwa juu mpaka kukatulia. Halafu akatia alama kwenye kisanduku cha Hakuna.

Nikamshika mkono wa kalamu. "Mtaalamu, si umeona sasa hivi?"

"Nimeona."

"Sasa?"

"Swali kaulizwa mhojiwa, na mhojiwa kajibu. Nkianza kuandika nnayoyajua mimi, huu si utafiti tena, ni umbea."

"Lakini sokoni hukutaka wanavyosema, ulitaka wanavyofanya! Hapa umeona anavyofanya, sasa unataka anavyosema!"

"Kule ilikuwa uchunguzi. Hili dodoso. Mbinu ni tofauti." Akafunua karatasi ya pili.

Kulikuwa na sehemu ya futari pia. Mwezi wa Ramadhani Mtaalamu alikaa ngazini akihesabu sahani zilizofunikwa kawa zikipanda na kushuka, kila nyumba imetoa ngapi na imepokea ngapi. Bila shaka zililingana, maana sahani ya mtu hairudi tupu. Akatoa moja kwenye nyingine, ikabaki sifuri, na sifuri hiyo akaiandika katika ripoti kuwa ndiyo faida ya ujirani wetu. Siku zote hizo futari yake mwenyewe ilitoka kwenye sahani zile.

Ripoti ikasema hakuna mafungamano yanayopimika. Watu wakatawanywa. Bi Mwanaidi alipewa nyumba Michenzani, na Mtaalamu akapewa mlango wa pili yake, kwa bahati tu ya makaratasi. Shangazi akapelekwa nje ya mji, mbele kabisa ya Mwanakwerekwe, kwenye vijumba vipya ambavyo miti yake ilikuwa bado haijapandwa. Nilimtaka aje kwangu Paje. Akasema hahamii shamba akiwa na pumzi.

Majirani zake wapya si watu wabaya. Wanapiga hodi, wanangoja, wanaacha uji mlangoni. Lakini hawaoni vibaya akiwaambia hana shida, na yeye kila akiulizwa anasema hana shida. Dawa ya macho alijitia mwenyewe, ikawa inateremka shavuni. Bi Mwanaidi alikuwa anakwenda kila alipoweza, kwa gari mbili na magoti yake yale, mpaka magoti yakakataa. Tukawaunganisha kwa simu. Shangazi akasema haizoei sauti ya mtu asiyekuwepo. Daktari alinambia mwanga uliobaki unapungua. Nilikuwa naja kila mwisho wa wiki, na kila nikija namkuta kakaa karibu na ukuta zaidi kuliko wiki iliyopita.

Ofisini walinambia ugawaji hautazamwi upya mpaka mtafiti atengue matokeo au upatikane ushahidi mpya. Ndipo nikaanza safari zangu za Michenzani. Nilimwomba, nikamnunia, nikampigia kelele mpaka majirani wakachungulia. Nilimwambia swali lako lilikuwa bovu, kisanduku cha Mungu hukuweka, na wewe unaijua dini kuliko mimi. Alinikaribisha kila mara, akanipa chai, akakataa kila mara.

"Nkitengua alama moja kwa kuwa ni shangazi yako," akanambia, "yule asiye na mtoto wa kaka wa kuja kunpigia kelele, nitamwambia nini?"

Siku moja nilichoka kabisa. Nikamwambia basi, usije kama mtafiti. Acha ripoti yako kabatini, iache ilale. Njoo ofisini kama jirani, useme ulichokisikia kwa miaka yote ile chini ya miguu yao.

"Jirani ni chanzo dhaifu," akasema. Lakini alikuja.

Alivaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya kazi ya mkono, akashika bakora, na tulipanda ngazi za ofisi pole pole kwa sababu ya pumzi zake. Afisa aliyetupokea alikuwa mwanafunzi wake. Alisimama pale pale.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaa, kaa. Leo nimekuja kama mtu wa mtaani."

Akasema. Sijapata kumsikia akisema vile. Alisema kwamba kila asubuhi, baada ya sala, Bi Mwanaidi alikuwa akigonga ukuta kwa kijiko, na Bi Zuhura akigonga kujibu. Masika moja ukuta haukujibu. Bi Mwanaidi alitoka mbio, akaupiga mlango kwa bega mpaka komeo likang'oka, akamkuta mwenzake yuko sakafuni hajitambui, sukari imeshuka, akamtia asali mdomoni.

"Mimi nilikuwa chini, nnasikia kila kitu," akasema Mtaalamu. "Sikupanda. Nilijua Bi Mwanaidi keshapanda. Wote katika nyumba ile tulilala kwa sababu yeye yuko macho. Hata mimi nilimtegemea."

Nilikuwa nimejiinamia, machozi yananitoka, nikijua tumeshinda. Afisa alikuwa hajaandika kitu. Alisogeza karatasi zake, akakohoa.

"Mwalimu, kwa heshima zote. Hii ni kauli ya mtu mmoja, tena jirani, tena mwenye mapenzi na wahusika. Wewe ndiye uliyetufundisha kauli kama hii tusiipokee."

Nikamtazama Mtaalamu, nikingoja angurume. Uso wake ulikuwa umechangamka kama wa baba siku ya mahafali.

"Sahihi," akasema. "Sahihi kabisa."

Nilitamani kuipindua ile meza na wao wawili chini yake. Nilikwishanyanyuka kuchukua mkoba wangu niliposikia anauliza, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza saa:

"Na kubadilishana nyumba kunahitaji matokeo ya utafiti?"

"Hapana, Mwalimu. Ni ridhaa ya wakazi wawili tu."

"Sababu zinaandikwa wapi?"

"Haziulizwi."

"Uzuri. Bi Zuhura aje kwangu Michenzani, mie nende kwake. Nipe kalamu. Yeye atatia dole gumba, karatasi atampelekea mpwawe huyu."

Afisa akasahau adabu zake. "Mwalimu, utaacha Michenzani? Kule mbali, na umri huu, nani atakutazama?"

"Kanuni inauliza hilo?"

"Haiulizi."

"Basi na wewe usiulize."

Akatia saini, akapuliza wino ukauke, akanikabidhi karatasi bila kunitazama. Tulipofika nje kwenye ngazi nikamgeukia.

"Mwaka mzima, Mtaalamu! Mwaka mzima nnakuja kwako, nnalia kwako, umekaa mlango kwa mlango na Bi Mwanaidi, na hii kanuni ulikuwa unaijua?"

"Niliisoma siku ya kwanza."

"Sasa kwa nini hukusema?"

Alivua miwani, akaifuta kwa mkono wa kanzu, na alinitazama kwa mshangao wa kweli, kama kwamba mimi ndiye mgumu wa kuelewa.

"Wewe uliniomba ripoti, Rukia. Ripoti si yangu, siwezi kumpa mtu. Nyumba hukuniomba. Ungeniomba nyumba, ningekupa siku ile ile."

Sikujua nimpigie kelele au nikae pale ngazini nilie. Nikaushika mkono wake nikaubusu, na hasira zangu zote, mbele ya watu.